Kinamtaka Mwenyewe

Ukiingia kwenye duka la simu Kariakoo, kando ya Mtaa wa Aggrey, ukauliza kishikwambi kipi kinafaa, muuzaji hatakujibu papo hapo. Kwanza atakuuliza: "Cha nani?" Kama ni cha mtoto, atakushushia chenye kava nene la mpira. Kama ni cha mwanafunzi wa chuo, atakutafutia chenye kibodi ya kuchomeka. Kama ni cha bosi, atafungua kabati la kioo, na bei atakutajia kwa sauti ya chini. Mkishaelewana ni cha nani, ndipo mtaanza kuzungumzia kilichomo ndani: hiki ni Android, hiki ni iPad, kile kinatumia Windows kama kompyuta ya mezani.

Nadhani muuzaji huyo anaanzia pazuri kuliko wengi wanaoandika kuhusu teknolojia. Mjadala wa mfumo endeshi unaofaa kishikwambi una zaidi ya miaka 50, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala kuhusu kazi ya mkono. Nataka kuurudisha kwenye swali la dukani, kwa sababu naamini ni swali la maadili kabla halijawa la ufundi: kishikwambi ni cha nani, na nani ana haki ya kukifungua?

Mwaka 1972 Alan Kay, mtafiti wa kampuni ya Xerox kule California, aliandika kuhusu kompyuta bapa ya kubebeka aliyoiita Dynabook. Aliiwaza mikononi mwa watoto, si watoto wa kutazama tu, bali wa kuandika programu zao wenyewe. Haikutengenezwa kama alivyoiwaza. Mwaka 2001 Bill Gates alionyesha Tablet PC, akatabiri kwamba ndani ya miaka mitano ndiyo ingekuwa kompyuta inayouzwa kuliko nyingine zote Marekani. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni na Windows ileile ya mezani iliyoongezewa kalamu, na utabiri haukutimia. Januari 2010 Steve Jobs akaitambulisha iPad, ambayo mfumo wake endeshi ulitokana na wa simu: hakuna kalamu, hakuna kipanya, ni kidole tu. Hiyo ikapendwa. Google ikafuata mwaka 2011 na toleo la Android la vishikwambi. Mwaka 2012 Microsoft ikajaribu kuwaridhisha wote kwa Windows 8, iliyotaka kuwa ya kidole na ya kipanya kwa wakati mmoja. Julai 2013 ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa kishikwambi chake cha Surface RT.

Historia hiyo ina somo lake. Kidole si kipanya, na mfumo uliosanifiwa kwa meza hauwi wa mapajani kwa kupunguzwa ukubwa. Lakini ukiitazama vizuri, pande zote za mabishano hayo zilikubaliana bila kusema kwamba mkono wenyewe ni mmoja. Mtu mmoja, kifaa kimoja, akaunti moja. iPad unayoinunua dukani mpaka leo haina nafasi ya mtumiaji wa pili. Utaratibu wa kugawana iPad ulikuja mwaka 2016, ukawekwa kwa ajili ya shule na baadaye taasisi zinazosimamia vifaa vyao, si kwa ajili ya sebule. Android ilikuwa na busara zaidi: tangu toleo la 4.2, la mwaka 2012, kishikwambi chake kinaweza kuwa na watumiaji kadhaa, kila mmoja na chumba chake. Hata hivyo baadhi ya watengenezaji huuzima uwezo huo, na pale ulipo umefichwa ndani ya mipangilio ambayo wengi hawaifikii.

Sasa linganisha na vishikwambi vinavyoishi kwenye nyumba zetu.

Shangazi yangu alikuwa mama wa samaki. Alikaa Kigamboni, na kila siku kabla ya jua kuchomoza alivuka kwa kivuko hadi Magogoni, akaingia soko la Feri mnada ukianza, akanunua vibua na changu, akakaanga na kuuza. Alikuwa pia katibu wa kikoba cha wanawake 18 wa sokoni hapo. Daftari la sokoni halidumu. Maji ya samaki hulilowesha, mafuta hulimaliza. Kwa hiyo mwanawe alimnunulia kishikwambi, na tangu mwezi Machi mikopo yote na marejesho yote aliyaandika humo. Asubuhi kishikwambi kilikuwa cha kikoba. Jioni kilikuwa cha wajukuu na katuni zao. Usiku jirani alikuja kukiomba azungumze kwa video na bintiye anayefanya kazi Muscat. Lakini kila aliyekitaka alimpelekea shangazi, naye alikifungua mwenyewe huku amekikinga kwa khanga. "Fedha za watu zimo," alikuwa akisema. Hakumwambia mtu nywila. Kwake hiyo ilikuwa amana, na amana haina mazoea.

Alifariki Novemba, wiki tano kabla ya kikoba kuvunjwa na watu kugawana akiba yao ya mwaka.

Mimi ndiye niliyekipeleka kishikwambi kwa fundi Kariakoo. Alikigeuza, akakiwasha, akajaribu mambo mawili matatu, kisha akanirudishia. "Kinamtaka mwenyewe," alisema. Nilimweleza kwamba mwenyewe hayupo. Akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, halafu akanieleza mambo yalivyo. Angeweza kukifuta kirudi kama kilivyotoka kiwandani, lakini vilivyomo vingekwenda, kwa kuwa vimehifadhiwa kwa namna ambayo bila nywila havisomeki. Na hata kikishafutwa, kingeuliza akaunti ya mwanzo. Nilipofuatilia akaunti hiyo niligundua kwamba shangazi hakuwahi kuifungua. Siku ya kununua, kishikwambi kilidai baruapepe ili kiwake, naye hakuwa nayo. Kijana wa duka akamtungia moja hapo hapo ili biashara iende. Hakuna barua hata moja aliyowahi kuituma au kuipokea kwa anwani hiyo. Kwa hiyo huyo mwenyewe aliyetakiwa, kwa hesabu ya kishikwambi, hakuwa shangazi. Alikuwa anwani iliyobuniwa kaunta, na nywila ambayo kijana wa watu alishaisahau.

Wanawake 17 waliobaki walikaa mkekani baada ya hitma. Hisa zilikuwa kwenye vijitabu vyao, kwa hiyo hizo zilijulikana. Mikopo ilibidi kila mmoja aitaje mwenyewe mbele ya wenzake. Wengi walitaja deni lao hadi shilingi ya mwisho, na wenzao wakaitikia kwamba ndivyo. Mmoja alisema alishalipa shilingi 80,000 mkononi mwa marehemu, wiki moja kabla hajalazwa. Hakuna aliyeshuhudia. Kama kweli alilipa, fedha ziko wapi, mbona sandukuni hazimo? Kama hakulipa, mtu mzima anamsingizia maiti? Mwishoni walikubaliana akatwe nusu, na hakuna aliyeridhika. Nilikuwa nimekaa pembeni nikiandika, na kilichoniuma si hizo 80,000. Kwa mara ya kwanza jina la shangazi lilitajwa kwa shaka, na ushahidi wake ulikuwa pale pale katikati ya mkeka, ndani ya kioo cheusi.

Ni rahisi kwa mtu wa namna yangu kumaliza hapo kwa kuilaani kufuli. Fundi hakuniruhusu. Alinionyesha kasha la vishikwambi alivyonunua kwa ajili ya spea, akasema kwamba zamani kilichokwapuliwa asubuhi kiliuzwa jioni kikiwa kizima. Siku hizi wengi wanaoleta bidhaa za mashaka wanaambulia bei ya kioo na betri. Kufuli ya akaunti, ambayo Apple iliianzisha mwaka 2013 na Android ikaifuata mwaka 2015, imeondoa sehemu kubwa ya faida ya wizi. Shangazi mwenyewe alipanda kivuko kila siku na umati wa watu, kishikwambi kikiwa kwenye kikapu. Kufuli ile ilimlinda akiwa hai. Ilikuwa mlinzi mwaminifu asiyeweza kutofautisha mwizi na mrithi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na rafiki zangu wanaodhani kwamba suala hili linaisha kwa kuchagua mfumo huria. Napenda programu huria. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice kwa Kiswahili, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kuisubiri kampuni ione faida katika lugha yetu. Huo ni uhuru mkubwa. Lakini hata Android msingi wake uko wazi, na kiini chake ni Linux. Msimbo unaweza kusomwa na dunia nzima, na bado kishikwambi kimoja kikafungwa mbele ya watu 17 wenye haki nacho. Uhuria unatupa uwezo wa kubadili mlango. Hautuambii nani apewe ufunguo.

Hilo wanawake wa Feri walikuwa na jibu lake muda mrefu kabla ya kishikwambi kuja. Sanduku la kikoba chao, kama ilivyo kwa vikoba vingi nchini, lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu, wanaoitwa washika funguo, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku. Mwizi akimvamia mmoja hapati kitu. Mmoja akishawishika hawezi kufanya lolote peke yake. Na mmoja akifariki, kikundi hukaa, kikachukua ufunguo kwa familia yake na kumkabidhi mwingine. Sanduku halimtaki mwenyewe, kwa sababu lilitengenezwa na watu waliojua kwamba mwenyewe ni wengi na kwamba kila mmoja wao atakufa siku moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo la namna hiyo haliwezekani kwenye kompyuta. Linawezekana, na limejulikana tangu mwaka 1979, pale mwanahesabu wa Israeli, Adi Shamir, alipoonyesha namna ya kugawa siri moja katika vipande, mathalani vitano, ili vitatu vyovyote vikikutana siri ifunguke, na viwili visiambulie chochote. Ni bora hata kuliko sanduku, maana kipande kimoja kikipotea hakuna linaloharibika. Hesabu hiyo ilitangulia iPad kwa miaka 31. Kama vishikwambi tunavyouziwa havimpi mama wa kikoba uwezo huo, kizuizi hakikuwa hesabu. Aliyesanifu alipofumba macho kumwona mtumiaji, alimwona mtu mmoja kwenye kochi.

Ni haki kusema kwamba kampuni zimeanza kukumbuka kifo. Google tangu mwaka 2013 inakuruhusu kumteua mtu atakayepokea vitu vyako akaunti ikinyamaza kwa muda. Muda wa chini kabisa ni miezi mitatu. Apple tangu Desemba 2021 inakuruhusu kumteua mrithi, atakayehitaji ufunguo maalumu na cheti cha kifo. Ni hatua za maana. Lakini zinamtaka marehemu awe ameijua akaunti yake na kuzunguka ndani ya mipangilio akiwa mzima, na zinaichukulia hali ya kushirikiana kuwa jambo linaloanza baada ya mazishi. Kikoba kinavunjwa Desemba. Ada za shule ni Januari. Na shangazi alikuwa akishirikiana na wenzake alipokuwa hai.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko yote, na nililisikia kwa mwanafunzi mwenzangu wa uzamili. Alisema: wewe unaiona familia kama washika funguo, lakini kwa wasichana wengi familia ndiyo mtu wanayejificha naye. Kaka anayepekua ujumbe, mume anayedai nywila, baba anayetaka kujua binti anasoma nini usiku. Kishikwambi kinachomtii mtu mmoja pekee huenda ndicho chumba pekee chenye mlango alichowahi kuwa nacho. Ukikifanya kuwa cha wote, unampa nani nguvu?

Ana haki, na pingamizi lake linanisaidia kusema kwa usahihi zaidi. Kikoba hakiwapi funguo wanafamilia. Kinawapa wale waliochaguliwa na wenye fedha, kwa kazi moja, mbele ya mashahidi, na wanaweza kubadilishwa. Hisa za kila mwanamke ziko kwenye kijitabu chake, na mumewe hana haki ya kukaa kwenye kikao. Kushirikiana kwa namna hiyo kuna kuta nyingi kuliko upweke wa kishikwambi, ambapo ukishapita mlango mmoja unakuta kila kitu: mikopo ya watu, picha za harusi, ujumbe wa usiku. Mfumo ninaoutaka ungekuwa na vyumba. Daftari la kikoba lingefunguliwa na washika funguo wa kikoba. Katuni zingefunguliwa na mtoto yeyote. Na chumba cha binti kingekuwa chake peke yake, hata akifariki, ikiwa hivyo ndivyo alivyotaka.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili, ambao ni kusahau. Sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba navyo, na ndivyo tulivyojua kwamba tuko watu 61,741,120. Baada ya kazi hiyo vishikwambi viligawiwa walimu. Fikiria safari ya kifaa kimoja: juzi kimeandika kaya fulani ina watoto wangapi na nani kati yao ana ulemavu, leo kipo mezani kwa mwalimu anayetayarisha somo la hisabati. Sheria ya Takwimu inataka majibu ya kaya yabaki siri, kwa hiyo mkono ulipobadilika kifaa kilipaswa kusahau kila kitu. Hapo kufuta, kulikomdhulumu shangazi yangu, ndiyo haki yenyewe. Kitendo ni kilekile. Kinachotofautisha ni anayepokea anapokea kwa haki gani.

Na kuna mikono isiyohitaji kabisa kuwa na jina. Kati ya mwaka 2017 na 2019, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vya Android katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na ndani yake mlikuwa na programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka tisa wa Handeni hana baruapepe. Kama kishikwambi kingemdai mwenyewe ajitambulishe kabla ya kuwaka, masomo yasingeanza. Programu zilizofika fainali ziliachwa huria, na Mei 2019 mbili zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Pale mfumo uliofaa ulikuwa ule uliomkubali mtoto bila kumuuliza yeye ni nani.

Karani, mwalimu, mtoto wa Tanga, katibu wa kikoba, binti mwenye siri: wote wameshika kifaa cha umbo moja, na kila mmoja ana haki tofauti na kilichomo. Neno letu lenyewe, kishikwambi, limebeba kitenzi cha kushika, na kila aliyelelewa pwani anajua kwamba kushika si kumiliki. Unaweza kushika mtoto wa jirani, zamu, nafasi ya mtu kwenye foleni, au ufunguo wa sanduku la wenzako. Kila mshiko una masharti yake na mwisho wake. Mfumo endeshi unaofaa kishikwambi, kwa maoni yangu, ni ule unaoijua mishiko hiyo yote na kumwachia anayeshika aichague. Siku unapokiwasha mara ya kwanza kinauliza jina lako na nywila yako. Kingepaswa kuuliza na swali la pili: wenzako ni nani, na kwa jambo gani?

Mpaka kitakapouliza, watu wanajitengenezea. Kishikwambi cha shangazi kilifutwa. Watoto wake waliamua kibaki kwenye kikoba, na katibu mpya akachaguliwa. Nywila ya sasa ina tarakimu sita, na haijulikani kwa mtu yeyote. Washika funguo watatu wanajua tarakimu mbili mbili. Kila katibu anapotaka kuandika, wanasogea mmoja mmoja, wanabonyeza za kwao, wanarudi kwenye karai la mafuta. Nilimsimulia fundi, akacheka sana, kisha akapiga hesabu: mmoja akifariki, zitabaki namna 100 tu za kujaribu. Kitakawia kila mkikosea, alisema, lakini kwa siku moja au mbili kitafunguka.

Kishikwambi chenyewe hakijui lolote kuhusu mpango huo. Kinaamini kina mwenyewe mmoja, anayezikumbuka tarakimu zote sita.